Dawa ya Deni: Askari, Mpagazi na Jina Lisiloandikwa

Mwezi wa Novemba ufikapo, hapa London watu hubandika ua jekundu la karatasi kifuani, na siku ya kumbukumbu husimama kimya kwa dakika mbili. Nami husimama nao. Lakini katika ukimya huo fikra hunirudisha Dar es Salaam, penye sanamu ya shaba ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake, aliyoyatunga Rudyard Kipling, yanawaahidi waliokufa vitani kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Ni ahadi nzuri, ila pale pale ilipoandikwa halikuandikwa jina la askari hata mmoja.

Nauliza basi: tunapowatunuku waliotumwa vitani, tunatoa hisani au tunalipa deni? Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Mwenye kutoa hisani hujichagulia kiasi na wakati, na baada ya kutoa hushukuriwa. Mdaiwa hana hiari hiyo. Kiasi cha deni kilikwisha kupangwa na kile alichokipokea, na akilipa hatarajii kusifiwa. Nishani, gwaride na sanamu husema lugha ya hisani; ndiyo maana mara nyingi humpamba mtoaji kuliko mpokeaji.

Tuwatazame wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika Afrika Mashariki mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na punda wa majeshi, hivyo mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Sheria ya mwaka 1915 katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya iliruhusu vijana kutwaliwa kwa nguvu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa, kiasi cha 95,000. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, wakimlaumu punda. Hapa aliyebeba mzigo ndiye aliyepigwa mateke.

Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo yetu ikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo kule Dar es Salaam, na Kariokor kule Nairobi. Kila siku maelfu hununua vitunguu na kanga ndani ya jina hilo. Kikosi kimekumbukwa, waliokuwamo wamesahauliwa.

Huenda msomaji akaona kwamba jina ni jambo la hisia tu, na kwamba maiti haoni kilichoandikwa. Sikubaliani naye, na sababu yangu ni ya kihasibu. Wapagazi wengi waliandikishwa ovyo, kwa majina yaliyokosewa au yasiyotaja kwao. Walipokufa, jamaa zao hawakuweza kupatikana, na mishahara isiyodaiwa ikabaki mikononi mwa serikali. Jina, kwa hiyo, ndilo hati ya deni. Anayelipoteza jina la mdai wake amejisamehe mwenyewe.

Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Maofisa wa zama zile walidai kwamba Waafrika hawajastaarabika kiasi cha kujua thamani ya jiwe la kaburi. Hapo ndipo hisani inapofichua sura yake: mtoaji alijipa haki ya kuamua nani anastahili kuliliwa.

Wajerumani nao wana kisa chao, kinachosimuliwa sana. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wazee waliolipigania jeshi la Lettow-Vorbeck. Wengi walipofika Mwanza hawakuwa na vyeti. Mhasibu, yasemekana, alimpa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani atende kama aliyeshika bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Wasikilizaji hucheka, nami zamani nilicheka. Siku hizi hujiuliza: mpagazi angeonyesha nini? Mzigo hauna gwaride. Mizani iliyopima utii wa bunduki haikuwa na jiwe la kumpimia yeye.

Lipo pingamizi zito zaidi. Baadhi ya askari hao walichoma vijiji na maghala wakati wa Maji Maji. Kuwaenzi si kuzitakasa vita za wakoloni? Pingamizi hili lina nguvu maadamu tunachanganya sifa na deni. Sifa huuliza kama vita vilikuwa vya haki. Deni huuliza nani alitumwa, na nani aliyemtuma. Naweza kukataa kuvisifu vita na bado nikadai ujira wa aliyeburutwa kuviendea.

Wengine husema mdai na mdaiwa wote wamekufa. Lakini katika mila ya pwani yetu, kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo mirathi igawanywe. Dola iliyorithi majumba, makumbusho na fahari ya ushindi imerithi pia daftari la madeni. Kauli hii haiwahusu Waingereza na Wajerumani peke yao. Baada ya shambulio la El Adde, Januari 2016, serikali ya Kenya ilikaa muda mrefu bila kutangaza hesabu kamili ya wanajeshi wake waliouawa Somalia. Bendera ilikuwa imebadilika. Tabia ya kuficha daftari haikubadilika.

Ningependa basi tuubadili mpangilio. Jina liandikwe kwanza, na liandikwe sawasawa, tangu siku mtu anapochukuliwa. Ujira, matibabu na haki za mjane vifuate, bila kusubiri huruma ya mkubwa. Nishani ije mwisho, kwa yule aliyekwisha kulipwa. Dawa ya deni kulipa, na dakika mbili za ukimya, kwa heshima zake zote, hazijawahi kuwa sarafu.