Rekodi Haina Jicho

Katika sharika nyingi jedwali la kompyuta limechukua nafasi ya daftari la sadaka. Namba za bahasha, ahadi na matoleo huingizwa kwenye Excel. Ndani ya programu hiyo kuna chombo cha kurekodi: karani huifanya kazi mara moja, nayo kompyuta huhifadhi hatua zake. Rekodi hiyo huitwa makro. Wiki ijayo kazi ya saa nzima huisha kwa kubonyeza kitufe.

Je, huu ni uvivu? Hatuoni hivyo. Muda ni amana kutoka kwa Mungu, na kunakili tarakimu hadi usiku hakumfanyi mtu awe mtakatifu. Swali letu ni lingine: kazi ikifanywa na rekodi, nani atatoa hesabu?

Tukitazame chombo chenyewe. Hurekodi mkono, hakirekodi jicho. Karani anapoandaa barua za kukumbusha ahadi, husita kwenye jina la mjane aliyelazwa, akaiweka barua yake kando. Kusita huko hakumo katika makro. Tena, isipoelekezwa vinginevyo, makro hurudi kwenye visanduku vilevile vya siku ya kwanza. Wakiongezeka washarika kumi, huenda matoleo yao yakaachwa nje ya jumla pasipo onyo lolote. Na ikishamaliza, kitufe cha kutendua kwa kawaida hakirudishi ilichobadilisha.

Katika Luka 15 mchungaji mwenye kondoo mia anatambua kwamba mmoja hayupo. Makro ingejumlisha tisini na tisa bila kukosea, ikafunga kitabu. Hesabu ingekuwa sahihi, na kondoo angebaki nyikani.

Ndiyo maana hatukubali udhuru wa kusema, "Ni kompyuta iliyotuma." Kompyuta haitasimama mbele za Mungu, aliyebonyeza ndiye aliyetenda, na baraza la wazee lililomtuma linashiriki wajibu huo. Basi tuhifadhi nakala kabla ya kuiendesha makro, tulinganishe jumla na fedha zilizohesabiwa, na tuyasome majina kabla barua hazijatoka.

Saa iliyookolewa nayo si yetu kuipoteza. Ni ya yule mjane: twende tukamwone.