Mcheza Kwao

Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Je, ndivyo ilivyo sikuzote? Na tumtazame marehemu Hank Aaron, mtu mweusi wa Marekani, bingwa wa besiboli, yaani mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mwaka 1974 alipiga pigo lake kuu la 715, mpira ukavuka ukuta wa uwanja, naye akampita Babe Ruth, Mzungu aliyekuwa na 714. Alicheza kwao, lakini kabla ya siku ile aliletewa barua nyingi za matusi na za kutishia kumwua, kwa sababu ya rangi yake tu. Wala hakuacha kucheza. Alistaafu mwaka 1976, mapigo yake yakiwa 755. Ndipo mwaka 2002 Rais George W. Bush akamvika Nishani ya Uhuru, heshima kuu ya raia katika nchi ile.

Basi twauliza, nishani ile iliongeza nini? Haikuongeza hata pigo moja. Kazi yake ilikuwa ile ile siku ya matusi na siku ya nishani; yaliyobadilika ni macho ya watazamaji. Kwa hiyo tusingoje kutunzwa ndipo tutende mema. Wala tusikawie kumtunza atendaye mema, maana heshima ikichelewa, aibu si yake, ni yetu.