Kufuli Linamlinda Nani?

Ukinunua jembe, ni lako siku hiyo hiyo. Halikuulizi jina, halitaki barua pepe, wala halijali kama shamba liko Kitale au Kilifi. Droni si jembe. Unaweza kulipa hadi shilingi ya mwisho, ubebe boksi mpaka nyumbani, uchaji betri, na bado ikukalie pale mezani ikingoja ruhusa kutoka kwa mtu usiyemjua. Sasa hiyo ni yako ama si yako?

Wengi wetu tuna jibu tayari: nimelipa, ni yangu, nipewe nirushe. Hilo jibu lina nguvu na silidharau. Shida ni kwamba ndilo jibu ambalo wakora wa mtandaoni wanalitegemea kupata riziki. Kwa hivyo wacha tulitulize kidogo, tulitazame.

Tuanze na mashine yenyewe. Droni nyingi unazoona zikielea juu ya harusi na matangazo ya ploti ni za DJI, kampuni iliyoanzishwa Shenzhen, China, mwaka 2006. Ukiitoa kwenye boksi, lazima kwanza uiamilishe: unawasha intaneti ya simu, unafungua programu ya kampuni, unaingia kwa akaunti, halafu seva iliyo mbali inasema sawa. Mei 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba asiyemaliza hatua hiyo hatavuka umbali wa mita 50 wala kimo cha mita 30, na hataona picha ya kamera kwenye skrini wakati anarusha. Mita 30 ni kama jengo la ghorofa kumi. Kwa mpiga picha wa harusi, hiyo si kazi tena, ni toi ya bei ghali.

Kisha droni inaweza kufungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja. Mwenyewe akiiuza bila kuitoa kwenye akaunti yake, mnunuzi atashika mashine mkononi, lakini jina linalotambuliwa ni la yule wa kwanza.

Kwa hivyo tunaongea kuhusu kufuli, na watu hugawanyika haraka. Wa kwanza wanasema kufuli lolote kwenye kitu nilicholipia ni wizi wa kampuni. Wa pili wanasema kampuni ndiyo ilitengeneza, ifuate inavyotaka. Naona wote wawili wanauliza swali lisilofaa. Kabla ya kuuliza kama ni halali kuvunja kufuli, uliza kwanza: hili kufuli linamlinda nani?

Kuna kufuli linalomlinda mwenye mali. Ukinyang'anywa begi stendi ya matatu, na ndani kuna droni uliyoilipia mkopo wa miezi minane, hilo jina lako kwenye seva ndilo kitu cha pekee kinachomzuia mwizi kuifaidi. Kufuli la aina hii ni kama namba ya chesisi ya gari. Linasumbua siku ya kuuza, lakini ni rafiki yako siku ya kuibiwa.

Kuna kufuli linalowalinda watu wengine. Januari 2015 droni ndogo ilianguka kwenye uwanja wa Ikulu ya Marekani. Baada ya siku chache DJI ikatoa programu iliyozuia droni zake kuruka ndani ya kilomita 25 kutoka katikati ya Washington. Mwaka 2017, wakati wapiganaji walikuwa wanafunga mabomu kwenye droni za dukani, sehemu kubwa za Iraq na Syria nazo zikaingizwa kwenye ramani ya makatazo. Abiria wa ndege inayotua hajui wewe ni nani na hajali umelipa ngapi. Anataka tu afike chini salama, na hiyo ni haki yake.

Halafu kuna kufuli linalolinda soko. Mwaka 2013 Samsung ilianza kuweka kwenye baadhi ya simu zake sharti kwamba laini ya kwanza iwe ya eneo zilikouzwa. Aliyenunua nchi moja ili akatumie nyingine akajikuta na simu nzuri isiyotaka laini ya kwao. Kampuni zina sababu zao za dhamana na huduma. Lakini hapo hakuna mwizi anayezuiwa wala abiria anayelindwa. Kinacholindwa zaidi ni bei ya soko moja isiharibiwe na soko jingine. Kwa macho yangu, kulivunja kufuli kama hilo hakumuumizi jirani, na anayelivunja hana deni kubwa la dhamiri.

Ugumu ni kwamba ukiwa umeshika kifaa, makufuli haya matatu yanafanana. Yote yanakuja kama ujumbe mwekundu kwenye skrini: haiwezekani. Na wakati mwingine hata kulitambua la aina gani ni kazi. Mfano, droni ya DJI Mini 2 ilitangazwa kufika kilomita 10 kwa viwango vya redio vya Marekani, lakini kilomita 6 kwa viwango vya Ulaya. Mashine ni ile ile. Inaangalia iko wapi kwa GPS, kisha inajipunguzia nguvu. Ukisikia hivyo unaweza kusema, ona, hawa wananibania nilicholipia. Lakini mawimbi ya redio yanatumiwa na wengi, na kila eneo limeweka kiwango chake ili mmoja asimfunike mwingine. Kilichoonekana kama kufuli la soko kumbe ni kufuli la majirani.

Hapo ndipo mkora anaingia, kwa sababu anaishi kwenye huo ukungu. Atakuambia kila kufuli ni ujanja wa wazungu ama Wachina kukukamua. Atakuuzia droni "iliyofunguliwa" kwa nusu bei, ama atakuuzia iliyofungwa na kukuelekeza kwa fundi wake "atakayeifungua dakika tano". Wa tatu hana droni kabisa. Ana picha tu, anataka deposit, baadaye ada ya forodha, baadaye ada ya kuachilia mzigo, baadaye haupati tena kwa simu. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkora ni bingwa wa kutembeza. Anachukua hasira yetu halali dhidi ya kufuli la soko, anaitumia kutuuzia uvunjaji wa kufuli la mwenye mali.

Sasa tuje kwa kesi ngumu. Tuseme kuna kijana wa Rongai anayepiga video za harusi. Chama chake kimemkopesha. Ananunua droni mtandaoni kwa mtu aliyeonekana wa maana, analipa kwa M-Pesa, anaipata mkononi. Akiiwasha inamwambia imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine. Muuzaji amezima simu. Jumamosi kuna harusi Nakuru, na deposit ya bibi harusi imeshatumika. Fundi mmoja mjini anasema leta, nitaifungua. Afanye nini?

Atajitetea kwamba hakujua, na ni kweli. Siku ya kununua hakuwa na hatia. Lakini kutokujua kuna tarehe ya mwisho. Sheria yetu ya adhabu, inapozungumza juu ya kushughulika na mali ya wizi, haimtaji tu mtu anayejua. Inamtaja pia aliye na sababu ya kuamini. Ujumbe ule kwenye skrini, ukiongeza simu iliyozimwa, ni sababu ya kutosha ya kuamini. Tangu dakika hiyo, akimpelekea fundi, atakuwa anafanya kitu tofauti na kununua. Atakuwa anamsaidia mwizi kumaliza kazi.

Utasema labda si ya wizi, labda mwenyewe alisahau tu kuitoa kwenye akaunti. Inawezekana, hutokea sana. Basi kuna njia ya kujua: mtafute mwenyewe, mwombe aiachilie. Akikubali, kufuli linafunguka kwa halali na bila fundi. Kama muuzaji hawezi kumtaja wala kutoa risiti, hilo lenyewe ni jibu. Na hata hapo, alichopoteza kijana wa Rongai ana haki ya kukidai kwa muuzaji. Sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza kile anachouza, na mnunuzi akae nacho bila kusumbuliwa. Lakini haki hiyo inamwelekea aliyemuuzia. Haimwelekei yule mtu wa tatu aliyeibiwa, ambaye pengine naye alikuwa na harusi yake Jumamosi.

Najua hii ni kali. Najua pia mzigo huu unamwangukia nani. Mwenye pesa ananunua mpya dukani, na hata siku moja hataona huo ujumbe. Anayekutana nao ni hasla anayetafuta bei ya chini kwa sababu ndiyo anayoimudu. Kumwambia tu "kuwa mwadilifu" ni kumwachia yeye peke yake bili ya maadili ya wengine. Kwa hivyo tuulize pia wenye makufuli wanadaiwa nini.

Wanadaiwa majibu. Linganisha kufuli la kampuni na kufuli la serikali. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2020 zinataka upate idhini ya KCAA kabla ya kuingiza droni nchini, uisajili, na usiirushe juu ya futi 400. Kuna wageni wanaoachia droni zao uwanja wa ndege JKIA kwa sababu walikuja bila idhini. Unaweza kuzichukia hizo kanuni. Lakini zimeandikwa, zinasomeka, na zinaweza kupingwa: kanuni za kwanza, za mwaka 2017, zilifutwa na Bunge mwaka 2018. Kufuli la kampuni halina Bunge. Aprili 2022 DJI ilisimamisha biashara yake Urusi na Ukraine, ikisema haitaki bidhaa zake zitumike vitani. Januari 2025 ikaondoa makatazo mengi ya ramani yake kule Marekani na kuweka maonyo tu, uamuzi ukabaki kwa rubani. Pengine maamuzi yote mawili yalikuwa mazuri. Ila hakuna aliyenunua mashine aliyeketi mezani yalipofanywa.

Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Nikichukulia maneno hayo kwa uzito, kampuni inayofunga kifaa inapaswa kumwezesha mtu yeyote kuangalia namba ya kifaa kabla ya kutoa pesa, aone kama kimefungwa. Inapaswa kuwa na mtu wa kujibu, siyo mashine inayokutumia ukurasa wa maswali ya kawaida. Na idhini ya serikali inapaswa kuwa ya bei na muda ambao kijana wa Rongai anaumudu. Kufuli lisilo na mtu nyuma yake wa kubishiwa hodi linawafundisha watu wazuri kutafuta dirisha, na dirishani ndipo mkora amesimama.

Mpaka hayo yafike, kuna mambo madogo ya kufanya. Kutana na muuzaji mahali penye watu. Aiwashe mbele yako, aitoe kwenye akaunti yake, uiingize kwenye yako, uirushe kupita zile mita 50, ndipo pesa itoke. Omba risiti yenye namba ya kifaa. Ukiambiwa "tuma kwanza, boss, kuna wengine wanaitaka", waachie hao wengine. Na siku utakapouza yako, ifungue kabla ya kuipeana, maana kusahau kwako kutakuwa usiku wa bila usingizi wa mtu mwingine.

Rudi sasa kwa lile swali la kama ni yako ama si yako. Droni ni yako pale ambapo hakuna mtu mwingine anayeweza kusimama na kusema, kwa haki, kwamba ameumizwa na wewe kuwa nayo. Pesa peke yake haiwezi kukuhakikishia hilo. Itabidi uulize maswali mengine, na uyaulize kabla hujatuma.