Mbona Unanikonyeza?

Sokoni Kanja, mteja aliniuliza kama avokado za chini ya ndoo ni sawa na za juu. Nikamkonyeza mdogo wangu, mwenye usonji, anyamaze. Akasema kwa sauti: "Mbona unanikonyeza? Si za chini zimeoza?" Mteja akaenda zake.

Nyumbani tulimlaumu: hajui kusoma watu. Hata utafiti mmoja katika Journal of Neuroscience, 2021, ulipoona wenye usonji wakikataa pesa za kuunga mkono ubaya, waonekane wasionekane, uliita hali hiyo kukosa kunyumbulika. Wasio na usonji walibadilika kulingana na macho ya watu.

Kweli, ishara yangu hakuielewa. Lakini nilikuwa namwomba nini, kama si kudanganya? Swali lake bado sijalijibu.