Meza ya Mchora Ramani

Alfred Wainwright alikuwa mweka hazina wa manispaa ya Kendal, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1952, baada ya saa za kazi, alianza kuchora nyumbani kwake, kwa kalamu na wino, ramani za milima ya Lake District. Hata maelezo aliyaandika kwa mkono. Kazi hiyo ilitoka katika vitabu, na kitabu cha saba kilitoka mwaka 1966.

Nawe unayetaka kuchora ramani ya kijiji chenu, usingoje ofisi. Tafuta meza isiyotikisika, karatasi uibane kwa selotepu. Ukitumia mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto, kivuli kisifunike mstari unaouchora. Chai, tafadhali, iwe mbali! Anza leo na njia ya kwenda kisimani.