Mvua ya Mbali na Dhamiri ya Msafiri

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua wanakwaya na jamaa zao kwenda arusini lilifika mto Enziu, katika Kitui, nchi ya Kenya. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Dereva akajaribu kuvuka, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Penye msiba wa namna hii husemwa kwamba Mungu amependa. Sisi hatuthubutu kumtwika Mungu mzigo huo upesi hivyo.

Zamani msafiri hakuwa na njia ya kujua mvua iliyonyesha vilimani. Leo mvua hupimwa, mawingu hutazamwa kwa rada na setilaiti, na kwa hesabu hizo hukisiwa njia ipi itakuwa ya hatari kesho. Huko Finland vituo vya kando ya barabara hupima hata joto la lami, na katika baadhi ya njia mwendo hupunguzwa kufuata vipimo hivyo. Wao waogopa barafu. Sisi twaogopa maji. Mto Msimbazi waanzia vilima vya upande wa Kisarawe, na Jangwani, mjini Dar es Salaam, yaweza kufurika ingawa hapo penyewe pamenyesha kidogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mapema, kwa rangi ya njano, ya chungwa au nyekundu. Tena maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 60 tu, yaweza kuchukua magari mengi; na katika maji ya tope nani aonaye kina?

Basi, aliyeweza kujua naye asiulize, je, hana hatia? Twaona anayo, kwa kadiri ya madaraka yake. Lakini tuseme kweli: utabiri si ahadi. Pengine mvua iliyotangazwa hainyeshi, na gari lililozuiwa limepoteza nauli. Aliyesubiri hatajua kamwe kama angalikufa. Kwa hiyo hana wa kumshukuru, ila hasara yake aiona wazi.

Na hasara hiyo ni ya nani? Hapo ndipo penye neno. Dereva hudaiwa hesabu ya siku, mvua au jua. Abiria nyuma yake wapiga kelele, "Twende!" (nasi tumo humo mara nyingi). Mwenye gari, aliyesoma tahadhari asubuhi nyumbani kwake na bado akadai hesabu kamili jioni, amejinunulia usalama wa mali kwa roho ya mwenzake, hata kama siku hiyo hakufa mtu.

Yafaa wapatane kabla ya masika: siku ya tahadhari ya chungwa au nyekundu, saa ambazo gari limesimama zisidaiwe hesabu. Na mkuu wa mahali apatapo tangazo asilibandike ukutani tu, bali aweke kivukoni mtu mwenye kamba na taa, naye alipwe hata kama mto haukujaa.