Kasoro Iko Wapi?

Ukitaja Butimba, Mwanza, wengi huwaza gereza. Mimi huwaza chuo cha ualimu, na jambo ambalo mwalimu anayetoka pale huenda akakutana nalo muhula wake wa kwanza: mtoto mwenye ualbino amekaa dawati la mbele, amekunja macho, na bado hasomi kilichoandikwa ubaoni. Mwalimu akikuza herufi, akamruhusu asogee mpaka aone, nusu ya ulemavu ule imeisha kwa chaki.

Wanaojadili vinasaba hawaanzii hapo darasani; huanzia kwenye swali la nani azaliwe. Mwaka 1883 Mwingereza Francis Galton aliipa jina fikra ya kuboresha kizazi cha binadamu kama mfugaji achaguavyo mbegu ya ng'ombe. Miaka ya 1930 fikra hiyo ilikuwa na chama chake Nairobi, na madaktari wa kikoloni H. L. Gordon na F. W. Vint walipima vichwa na ubongo wa Waafrika kuthibitisha walichokwisha kukiamua. Siku hizi hatulazimishwi. Tunaambiwa: pima vinasaba, halafu uamue mwenyewe.

Kupima sikupingi. Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi, na aliyekesha na mtoto anayelia mifupa hawezi kumlaumu mchumba anayetaka kujua vinasaba vyake kabla ya mahari kutolewa. Maumivu yale yangekuwapo hata majirani wote wangekuwa malaika.

Ualbino ni habari nyingine. Nchini kwetu Tanzania inakadiriwa mtu mmoja katika kila 1,400 anao. Kinachomtesa ni uoni hafifu asiosaidiwa, jua linalomletea saratani ya ngozi, na binadamu mwenzake anayeamini kiungo chake kitaleta dhahabu mgodini au samaki wavuni. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa Muleba, mkoani Kagera. Hapo ndipo husikika sauti ya huruma: heri wasizaliwe, wasije wakateseka. Mimi huruma hiyo naiogopa. Inamfuta anayewindwa, mwindaji inamwachia panga lake.

Utasema mzazi ana haki ya kuamua. Anayo. Ila anayeamua kwa hofu ya shoka, ya masengenyo kisimani na ya shule itakayomrudisha mtoto nyumbani ameshaamuliwa na wengine. Tangu 2010 tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na mafuta ya Kilisun ya kukinga jua yanatengenezwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa hiyo tusijifanye tiba pekee iko kwenye maabara.

Siku mshauri wa vinasaba atakapomwita mzazi wa Butimba kumpa majibu, ampe na mengine: mafuta hayo yanapatikana wapi, miwani wapi, shule gani itampokea mtoto, na nani atamlinda njiani. Asipoweza kuyajibu hayo, hana haki ya kumuuliza mzazi kama anamtaka mtoto huyo.